Msituambie "Ni Kawaida": Barua ya Wazi kwa Wauza Chaja na Mafundi wa Kariakoo

Wadogo zangu, na wengine wenu wanangu kabisa kwa umri,

Wengi wenu mnanijua kwa sura bila kunijua jina. Ni yule mama mwenye mkoba mweusi anayeteremka Kariakoo kila muhula unapofunguliwa, anachukua wino wa printa, flashi na nyaya, anabishania bei mpaka mnaanza kumwita shangazi ili mradi aondoke. Nina steshenari karibu na chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Nachapa, natoa kopi, nafunga ripoti za wanafunzi. Na kwa kuwa mabwenini soketi ni chache kuliko vichwa, laptopu nyingi huletwa dukani kwangu kuchajiwa. Siku za mitihani nakuwa na chaja sita, saba, zimetambaa juu ya ekstensheni mbili, kila moja na ukoo wake.

Naandika kwa sababu ya mojawapo ya hizo.

Ilikuwa saa moja na nusu jioni, nakaribia kufunga. Nikasikia harufu kama ya samaki. Nikamnung'unikia moyoni jirani yangu mama ntilie na dagaa wake, nikaendelea kuhesabu pesa. Harufu ikakaza, ikawa samaki mwenye plastiki ndani yake, na hapo nikakumbuka kwamba jirani hakufungua siku hiyo, alikwenda msibani. Kuinama chini ya kaunta nakuta chaja moja imebanwa kati ya ukuta na boksi la karatasi ambalo sijui nani aliliegesha pale. Ubavu wake mmoja umetuna na umegeuka rangi ya kahawia. Niliigusa kwa nyuma ya kiganja, mkono ukarudi wenyewe kabla sijaamua kuurudisha.

Kitu cha kwanza mkono unachotaka kufanya ni kuinyakua chaja na kuing'oa. Namshukuru Mungu sikuing'oa. Nilizima swichi ya ukutani, ndipo nikachomoa plagi kwa kushika plagi yenyewe, si waya, kisha nikatoa pini kwenye laptopu. Nikaikokota kwa waya wake mpaka barazani, juu ya saruji tupu, mbali na rimu zangu za karatasi. Kijana mmoja mwenye moyo mzuri alishafika na ndoo ya maji. Nikamwambia airudishe alikoitoa: hapakuwa na moto, na maji kandokando ya ekstensheni yenye umeme na chaja nyingine sita ni kuita msiba wa pili. Kama ingekuwa imeshawaka, ningezima meni swichi kama inafikika, ningetoa watu nje na kupiga 114, zimamoto. Lakini ilikuwa haijawaka. Ililala barazani ikipoa polepole, na ile harufu ikabaki dukani siku mbili.

Kesho yake mwenye chaja, binti wa mwaka wa pili, akanipa risiti. Alikuwa ameinunua kwa mmoja wenu wiki tatu nyuma, shilingi 25,000, na juu ya risiti pameandikwa neno moja: "chaja". Nikaja na chaja hiyo mwenyewe. Duka silitaji na mtaa siutaji, maana sikuja kumchongea mtu. Kijana alinipokea kwa adabu, akanipa kistuli, akaigeuza ile chaja mkononi. Ilikuwa baridi, imelala nje usiku kucha. Akatabasamu kidogo, akasema: "Mama, chaja kupata joto ni kawaida hiyo."

Neno hilo ndilo lililonileta kwenye karatasi hii. Nimelisikia kwenu mara nyingi, kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nimelirudia kwa wanafunzi bila kulipima. Na ubaya wake ni kwamba nusu yake ni kweli.

Kweli yake ni hii. Chaja ya wati 65, ile ya laptopu nyingi za kawaida, haipitishi umeme wote inaoupokea. Sehemu ya kumi hivi au zaidi kidogo inapotea njiani na kuwa joto. Kwa hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, ndani ya kile kiboksi cheusi kuna wati nane mpaka kumi za joto linalotafuta pa kutokea, na hakina feni wala tundu. Joto linatokea kwenye plastiki tu. Ukiichomeka laptopu ambayo betri yake imekwisha, na huku unaitumia, chaja lazima ipate moto kiasi. Nayo ikishajaza betri inapoa. Hiyo kweli ni kawaida, na anayemtisha mteja kwa joto hilo anamdanganya vilevile.

Sasa ninyi mnaoshika chaja mia kwa siku mnaijua tofauti kuliko mimi, ila mteja hamumwambii. Joto la kazi linaenea kiboksi kizima, na unaweza kukishika ukahesabu mpaka kumi bila kukunja uso, kama kikombe cha chai iliyoanza kupoa. Joto baya lina mahali pake. Linakaa sehemu moja: kwenye shingo waya unapoingia kiboksini, au kwenye pini, au kwenye plagi ukutani. Ukikuta kiboksi ni vuguvugu lakini pini inaunguza, ujue pini imelegea, inagusa kwa ncha tu, na umeme wote unalazimishwa kupita kwenye kijia chembamba. Ukikuta shingo ndiyo ya moto, nyuzi za shaba ndani yake zimekatika nyingi na chache zilizobaki zinabeba mzigo wa wenzao. Na ukiacha chaja ukutani bila laptopu yoyote, nusu saa baadaye ukarudi na kuikuta ya moto, hapo hakuna cha kujadili. Chaja isiyo na kazi inatakiwa iwe karibu baridi. Inayochemka bila kazi inaungua yenyewe ndani.

Mengine hayahitaji hata mkono. Taa ya chaja inapepesa. Laptopu inasema inachajiwa, haichajiwi, inachajiwa. Ndani panalia kama mbu aliyefungiwa kwenye kibiriti. Na ile harufu ya samaki.

Nimeuliza watu wanaojua kwa nini bei zinapishana kiasi kile, chaja mbili za sura moja, moja shilingi 25,000 na nyingine mara tatu yake. Jibu liko ndani mahali mteja hawezi kuona. Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230. Ukiingia kiboksini unanyooshwa, na kwenye ile kapasita kubwa unasimama kwenye volti 320 na kitu. Ndiyo maana chaja iliyotoka kuchomolewa si kitu cha kufunguliwa kwa bisibisi na mwanafunzi aliyetazama video moja; kapasita inaweza kuwa bado imebeba umeme wa kumrusha. Kutoka hapo umeme unakatwakatwa kwa kasi kubwa, unapita kwenye transfoma ndogo na kutoka upande wa pili ukiwa volti 19 au 20. Pande hizo mbili hazitakiwi kukutana hata siku moja. Kinachozitenga ni nafasi ya milimita chache kwenye bodi na tabaka za plastiki kati ya koili. Upande huu umeme wa kuua, upande ule waya unaokwenda mapajani mwa mtoto wa watu.

Mwenye kiwanda cha mafichoni akitaka kushusha bei, hapo ndipo anapobana. Nafasi inakuwa ya nywele, tabaka tatu zinakuwa moja, fyuzi ya ndani inaachwa, kapasita inawekwa ya daraja la chini. Na kapasita ni kiumbe anayechukia joto: mafundi wa elektroniki wana kanuni yao kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri wake unakatika nusu. Kwa hiyo chaja duni inajiunguza, kuungua kunaifanya kuwa duni zaidi, na wiki tatu baadaye inanikuta mimi chini ya kaunta. Mwaka 2016 maabara ya UL ya Marekani ilipima chaja bandia 400 za simu za Apple. Zaidi ya asilimia 99 zilishindwa. Zile zilikuwa za simu, vijichaja vya wati tano. Hizi zetu zinabeba mara kumi na zaidi.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema: shangazi, mteja ndiye anayesema nipe ya bei ya chini. Ni kweli. Mimi ni mmoja wao, na ekstensheni yangu ya zamani, ambayo nimeitupa mwezi huu, niliinunua kwenu huku nikicheka kwamba nimewaweza. Mtasema pia kwamba fremu ni ghali, kwamba mzigo unakuja kwenye kontena la mtu mwingine na ninyi mnachukua dazani mbili tu, na hamna mashine ya kupima. Yote nayakubali. Sidai muuze za 75,000 tu. Nadai muache kusema jambo msilolijua kwa sauti ya mtu anayejua.

Tuchukue pini. Mteja anafika na laptopu, mnamwuliza aina, mnajaribu pini tatu nne kutoka kwenye lile fungu linaloning'inia kama mikungu ya ndizi, ikiingia mnasema "imekubali". Pini kuingia si kukubali. Namba zilizoandikwa mgongoni mwa chaja ndizo zinazokubali. Volti zinatakiwa zilingane na zile zilizoandikwa chini ya laptopu; hapo nusu volti, kama 19 na 19.5, watu wengi hupita salama, lakini si zaidi. Ampea za chaja zinatakiwa zilingane au zizidi. Zikizidi hakuna ubaya, laptopu inachukua inazozihitaji tu, kama mtu anavyokunywa maji kisimani bila kukimaliza kisima. Zikipungua ndipo balaa. Mashine inayotaka wati 90 ukiifungia chaja ya wati 45, chaja inabeba mzigo usio wake mchana kutwa. Iliyo bora itajizima. Iliyo duni haina akili ya kujizima, itavumilia mpaka itune.

Chaja ya binti yule ilikuwa na karatasi mgongoni inayosema volti 19.5, ampea 4.62, yaani wati 90. Nikaipima kwenye mizani ya duka la jirani pamoja na ya kwangu ya wati 65, ambayo ilikuja na laptopu yenyewe. Ya binti ilikuwa nyepesi kuliko yangu. Uzito peke yake si ushahidi, maana zipo zinazowekewa kipande cha chuma ndani ili zihadae mkono. Lakini chaja ya wati 90 yenye uzito wa mkate wa shilingi mia tano inatakiwa ikutie shaka hata kabla hujaichomeka.

Halafu plagi. Hapa nawasema na wateja wenzangu. Soketi zetu ni za matundu matatu ya mraba, tulizorithi kwa Mwingereza, na zina vifuniko vidogo ndani vinavyofunguliwa na ule mguu mrefu wa juu. Chaja zinakuja na plagi ya miguu miwili ya mviringo. Basi tunachukua kalamu, au kijiti cha kiberiti, tunachokonoa tundu la juu mpaka vifuniko vifunguke, tunasukuma plagi ndani. Nimeona wanafunzi wa uhandisi wakifanya hivyo bila aibu. Ile plagi haikukaa, imeegemea. Inagusa kwa ubavu, inacheza kila mtu anapopita, na kila ikicheza inapiga cheche ndogo. Ukiona soketi yenye tundu jeusi, kisa chake ni hicho. Plagi ya miguu mitatu ina fyuzi yake ndani, na kwa chaja ya laptopu fyuzi ya ampea 3 inatosha. Mimi nimefungua plagi mbili za dukani kwangu mwezi huu. Moja ilikuwa na fyuzi ya ampea 13. Ya pili ilikuwa na waya wa shaba uliokunjwa. Sijui aliyeuweka ni nani, ila plagi ile haikutoka kiwandani hivyo.

Na mnaouza laptopu za mtumba kutoka nje, sikieni hili. Agosti 2014 kampuni ya HP iliwataka wateja wake wa Marekani na Kanada warudishe nyaya za ukutani karibu milioni 6, ule waya unaotoka kwenye plagi kwenda kwenye kiboksi, kwa sababu zilikuwa zinapata moto na kuyeyuka. Desemba mwaka huohuo Lenovo nao wakafanya hivyohivyo kwa waya uleule. Alama yake imegandamizwa kwenye kichwa kinachoingia kiboksini: LS-15. Malalamiko yaliyoifikia HP yalikuwa 29. Ishirini na tisa, kati ya mamilioni. Hawakusema ni kawaida. Na laptopu za miaka ile ndizo bado zinazunguka kwenye meza zetu, kila moja na waya wake wa asili au wa kuokoteza, kwa hiyo geuzeni hivyo vichwa mvisome kabla hamjauza.

Kwenu mafundi nina maneno machache, na mengi ni ya shukrani. Waya uliokatika karibu na pini, fundi mzuri anaukata, anaubandika pini mpya, anauchomelea kwa risasi na kuuvika mpira unaosinyaa kwa joto, na chaja inaishi. Kazi hiyo ni halali na nimeilipia mara nyingi. Lakini waya wa upande wa ukutani uliochubuka mpaka shaba inaonekana hautibiwi kwa solotepu, unabadilishwa, na bei ya mpya haizidi chakula cha mchana. Na kiboksi kilichokwisha kutuna au kubadilika rangi hakifunguliwi, hakibadilishwi kapasita moja, hakigundishwi na kurudi kwenye meza kama "yuzdi ya Dubai". Nasema hivyo kwa sababu ile ya binti, nilipoigeuza kwenye mwanga wa mchana, ilikuwa na mstari wa gundi kuzunguka kiuno chote. Mtu alishaifungua kabla haijauzwa kuwa mpya.

Haya, ninachoomba. Kwenye risiti msiandike "chaja". Andikeni volti, andikeni ampea, andikeni tarehe. Mteja akirudi na malalamiko ya joto, msiishike ikiwa baridi mkatoa hukumu. Ichomekeni kwenye laptopu yenye betri tupu, muiache nusu saa, ndipo muishike. Dakika mbili hazioneshi kitu, joto linapanda taratibu. Na ile iliyokufa msiitupe jalalani ikiwa nzima, maana watoto wanaookota wataiuza kwa fundi, fundi ataigundisha, nayo itarudi mjini. Kateni waya kwa koleo pale pale mbele ya mteja. Shirika la Viwango lipo kwa sheria tangu mwaka 1975, na kazi yao ya kukagua makontena waifanye. Lakini kati ya kontena na godoro la mwanafunzi kuna meza yenu, na kwenye meza hiyo mkaguzi ni wewe uliyeshika fungu la pini.

Godoro nimelitaja kwa sababu. Wakati mwingine mwambieni mteja jambo hili moja bure, kama mnavyomwambia asilowanishe simu: chaja ikae sakafuni au mezani, si kitandani, si chini ya mto, si ndani ya begi. Zile wati nane za joto zikifungiwa kwenye sponji hazina pa kwenda.

Kijana wa duka lile hakunirudishia pesa, na sikumshinikiza. Aliniambia bosi wake hayupo. Ile chaja nimeitundika kwenye msumari ukutani steshenarini, waya umekatwa, na chini yake nimebandika karatasi yenye namba zilizoandikwa mgongoni mwake na namba za laptopu ya binti. Wanafunzi wanaisoma wakisubiri kopi zao. Wawili wamerudi bwenini wakaja na chaja zao tuzishike pamoja, na moja tumeitoa kazini.

Binti bado hana chaja. Jumamosi nakuja naye, saa nne asubuhi, na laptopu yake ikiwa na betri tupu kabisa. Tutaanzia kwa kijana yuleyule. Kama ana ya wati 90 anayoiamini, tutakaa nayo pale kwenye kistuli nusu saa ikiwa imechomekwa, na mimi nitakuwa naigusa kwa nyuma ya kiganja. Chai nitanunua mimi.

Wenu,
Mama wa steshenari